Taarifa ya Theluji, Asubuhi ya Jumatano

Kwenye msiba wa Kizungu watu hawalii mpaka chai iletwe. Hilo nimelijua siku nyingi, kwa hiyo tulipotoka kanisani nilikwenda moja kwa moja ukumbi wa nyuma, nikachukua kikombe na kipande cha mkate wa matango, nikajibanza dirishani kumsubiri mtu mmoja. Marehemu alikuwa Trevor, bosi wangu wa kwanza, aliyenipa kazi nikiwa na miaka ishirini na miwili na sina ujuzi wowote isipokuwa kupiga taipu. Niliyemsubiri ni Jayesh, mfamasia, Mhindi mzaliwa wa Nakuru, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Nilimtambua kabla sijauona uso wake. Alikuwa mezani amenipa mgongo, anamimina maziwa kwa mkono wa kulia, na kwenye mkono ule vidole viwili vya mwisho havikuwepo. Nilikuwa nimekuja kumzika Trevor, na nilikuwa nimekuja pia kuuliza swali ambalo nimeliogopa nusu ya maisha yangu.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, Edgware Road, London, juu ya mkahawa wa Kiarabu. Ukifungua dirisha inaingia harufu ya nyama ya kuchoma na moshi wa shisha. Ukilifunga, vioo vinatoka jasho. Ndani mlikuwa na meza mbili, kabati la ramani, mashine ya faksi, birika la umeme, na mashine ya kujibu simu yenye kanda ndani yake. Hiyo mashine ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Ilikuwa ofisi ya klabu ya watu wanaoteleza kwenye theluji ya milimani kwa ski, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, na mwanzoni nilidhani ni wale ninaowaona kwenye televisheni, wanaopandishwa kwa lifti na kushuka kwenye njia zilizonyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi. Hata. Hawa wa kwetu walibandika mikanda ya manyoya chini ya ski zao ili zisirudi nyuma, wakapanda mlima kwa nguvu zao wenyewe nusu siku nzima, wakalala kwenye nyumba za mawe huko juu, na kesho yake wakavuka upande wa pili ambako hakuna njia wala bendera wala mtu wa kumwita. Mtu wa namna hiyo uzima wake uko kwenye hali ya hewa, na hali ya hewa alikuwa anaisikia kwangu.

Kila siku nilitoka Lewisham kwa treni ya kwanza, nikabadilisha Charing Cross, na saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshawasha taa. Karatasi za faksi zilikuwa zimejikunja sakafuni, zimetoka Ufaransa, Uswisi na Austria. Kisha simu ililia, na huyo alikuwa Odile, mama wa Kifaransa aliyetunza nyumba moja ya mlimani, mtu asiyejua salamu. Ukinyanyua tu anaanza: "Upepo kaskazini. Theluji mpya nusu mita. Hatari daraja la tatu. Kwaheri." Mimi nilikusanya yote hayo, nikayapanga kwenye nusu ukurasa, nikayasoma kwa Kiingereza kwenye mashine kabla ya saa moja. Wanachama walipiga kutoka majumbani mwao kabla ya kusafiri, na waliokwisha fika walipiga kutoka kwenye simu za sarafu za vijijini kule chini ya milima. Kabla ya mwaka ule sikuwa nimeiona theluji ya maana. Niliijua hii ya London, inayoanguka nyeupe na kufika chini tope. Lakini nikajifunza. Nikajifunza kwamba kuna kimo mlimani ambacho chini yake inanyesha mvua na juu yake inaanguka theluji, na kwamba kila kitu kinategemea kimo hicho kinakaa wapi. Mwaka ule hakikukaa. Jumatatu kiko mita mia nane, Jumatano kimepanda elfu mbili, mvua inanyesha juu ya theluji, usiku inaganda, kesho yake inakuja theluji mpya na kulala juu ya barafu kama shuka kwenye godoro la nailoni. Ukiikanyaga tu, inateleza yote, na wewe nayo.

Trevor alikuwa mrefu, mpole, goti lake bovu. Lilivunjika mlimani na ndilo lililomweka kwenye kazi ya ofisini. Siku ya kwanza alibandika karatasi ukutani mbele yangu: kwanza hatari ya maporomoko ya theluji, daraja la kwanza hadi la tano, pili dhoruba na upepo, tatu kimo cha theluji, mwisho mahali pazuri pa kuteleza. "Kwa mpangilio huu, Zuwena," aliniambia, "kila siku." Nikaufuata wiki sita, na kila asubuhi roho ilinisuta. Mtu ameamka, hajanawa uso, hajanywa hata chai, wewe unamrushia maporomoko. Huo mimi niliuona utovu wa adabu. Basi mwezi wa Januari nikaanza kubadilisha kidogo kidogo. Kwanza good morning ya kutosha. Kisha nikasema pako wapi pazuri, jua liko wapi, theluji laini iko wapi. Upepo baadaye. Hatari mwisho, na hata hiyo niliitangulizia neno la upole. Wanachama wakapenda! Wakampigia Trevor kumsifu: yule msichana wenu mpya ana sauti ya kumtoa mtu kitandani. Mmoja alileta boksi la chokoleti. Trevor aliitazama ile karatasi yake ukutani, akanitazama mimi, akacheka, akachukua chokoleti. Nami nikavimba kichwa, niseme kweli.

Sikuubuni utaratibu ule. Niliutoa sebuleni kwa shangazi yangu, Bi Rukia, niliyekaa naye. Kila Jumapili baada ya adhuhuri alikaa kwenye kiti cha kando ya simu, buibui limekunjwa mapajani, kupiga Unguja. Nami nilikuwa jikoni nakaanga samaki na kusikia upande wake wa maneno: "Hamjambo? Hatujambo, alhamdulillahi. Watoto? Mvua imenyesha? Karafuu je? Na Mwana Asha hajambo? Enhe. Enhe." Kwetu hata kama maiti yumo ndani, ukiulizwa hujambo unasema sijambo, habari nzuri, kisha ndipo unafungua. Jumapili moja ya Februari nilimsikia analia kabla hajaambiwa kitu. Nikatoka mbio na kijiko mkononi. Simu ilikuwa bado sikioni, na yule wa upande wa pili bado anauliza habari za baridi ya Ulaya. Alipoiweka chini tulikuwa tumejua: kaka yake, baba yangu mkubwa, ameshazikwa siku mbili. "Ulijuaje?" nikamuuliza. Akajifuta kwa upindo wa leso. "Wamenisalimia mno, mwanangu," akasema. "Nikajua." Nililia naye siku ile, na wala haikunipitia akilini kwamba hao wanaopiga simu Edgware Road hawana masikio ya Bi Rukia. Mzungu akisikia habari njema, kwake hiyo ndiyo habari.

Jayesh alikuwa mwanachama wetu wa pekee aliyekuja ofisini bila shughuli yoyote, kuja kuzungumza Kiswahili tu. Duka lake la dawa halikuwa mbali. Alileta mfuko wa chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili, akamwagia Trevor kwenye sahani ya kikombe, akakaa juu ya radieta ya kupasha chumba joto, na koti lake. "Habari ya theluji, dada?" Na mimi namjibu, "Nzuri, inakusalimu." Alikuwa amezoea kunitania kwamba ninaisifia theluji utadhani ninaitafutia mahari. Mama yake alikuwa hajamsamehe kwa mchezo ule. Alisema watu wamekimbia shida Afrika wakaja huku, na yeye anapanda ndege kwenda kuitafuta. Ijumaa moja ya mwezi wa Machi alikuja kuaga. Kesho yake alikuwa anakwenda milima ya Alps na wenzake wawili, siku nane, nyumba hadi nyumba.

"Na theluji ya mwaka huu ilivyo na wazimu?" nikamwambia. "Juzi mvua, jana barafu. Wewe huogopi?"

"Naogopa sana," akasema, na mara hii hakucheka. "Usifikiri mimi ni simba. Ndiyo maana kila asubuhi nakupigia wewe kwanza. Wewe ukisema twende, tunakwenda. Ukisema tukae, tunakaa, tunacheza karata."

Akanipungia mkono mlangoni, vidole vyote vitano. Nami nikaingiwa na woga ambao haukunitoka wiki nzima. Kila asubuhi nilisoma ile nusu ukurasa nikimfikiria yeye amesimama kwenye uwanja wa kijiji fulani, chombo cha simu sikioni. Ungedhani woga huo ungenifanya niirudie karatasi ya Trevor ukutani. Badala yake nilizidisha upole.

Jumatano faksi zilikuwa nyingi kuliko kawaida, na Odile alipiga mapema. "Dhoruba inakuja haraka. Mchana, si usiku. Kimo cha theluji kinashuka. Hatari daraja la nne. Waambie wakae. Kwaheri." Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Niliogopa kwamba nikisema kwa haraka nitawatisha, na mtu akitishwa hufanya ujinga. Hivyo ndivyo tulivyolelewa: habari nzito hubebwa taratibu. Basi nikavuta pumzi, nikabonyeza kitufe chekundu, nikasoma kwa sauti nzuri kuliko siku zote. Good morning. Natumaini mmelala vyema. Nikaeleza kwamba jana ilikuwa siku ya jua, kwamba upande wa kaskazini, juu ya mita elfu mbili, kuna theluji mpya laini, asubuhi hii anga liko wazi. Nikaeleza hali ya njia za kupandia. Nikapita kwenye upepo. Kisha, mwisho kabisa, nikasema kutoka mchana inategemewa dhoruba kali, daraja la nne, tafadhali msivuke vilele, kaeni mlipo. Nilisema vizuri, kila neno wazi. Hakuna neno nililolificha.

Saa kumi na nusu jioni Odile akapiga tena. Nilimpa Trevor simu kwa sababu alimtaka yeye. Nilimwona Trevor anaandika majina matatu kwenye pambizo la gazeti, na la kwanza lilikuwa la Jayesh. Walikuwa wameandikisha kulala kwa Odile usiku ule, wakitokea kijijini na kuvuka kilele, na hawajafika. Nje upepo ni wa kung'oa milango; waokoaji hawawezi kutoka, helikopta haiwezi kuruka. Trevor aliweka simu chini polepole. "Walipiga hapa asubuhi?" akaniuliza. Nikamwambia sijui, mashine haisemi nani kapiga. Akaja kwenye meza yangu na goti lake, akarudisha kanda mwanzo, akavua saa yake ya mkononi, akailaza mbele yetu, akabonyeza.

Sauti yangu ikajaa chumbani, tamu, haina haraka. Sijapata kuichukia sauti ya mtu kama nilivyoichukia ile. Tulisimama wawili tunautazama mshale wa saa. Good morning ikapita. Jua likapita, theluji laini ikapita, sekunde zinakwenda, na chini mkahawani mtu anacheka. Neno dhoruba lilipofika Trevor aliweka kidole kwenye kioo cha saa. Sekunde hamsini na mbili. "Sarafu moja ya kule," akasema taratibu, "inakupa kama nusu dakika." Kisha akavaa saa yake. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepumua. Akatazama ile karatasi ukutani, na uso wake ukawa wa mtu aliyekula chokoleti na sasa anakumbuka. "Nilipaswa kukuzuia Januari," akasema. "Rekodi upya. Hatari kwanza." Nikarekodi mara nne mpaka ikatoka sawa.

Alhamisi sikumbuki nilikula nini wala nilipanda treni gani. Nakumbuka Bi Rukia ameniwekea ugali na mchicha na mimi nimeutazama mpaka ukapoa. Nilimweleza yote. Nilitarajia aniambie si kosa langu, kama shangazi wote. Badala yake akasema, "Mimi niliposikia salamu ndefu nilijua. Hao ungewafundisha lini?" Akainuka akatandika mswala, akaswali, akawaombea watu watatu asiowajua, Mhindi na Wazungu wawili, kwa majina. Kule milimani dhoruba ilikuwa siku ya pili. Ofisini, faksi moja ikisema imetulia, nyingine inasema imezidi. Kimo cha theluji kilikuwa kimeshuka mpaka vijijini, barabara zimefungwa. Trevor alikaa na ramani mbele yake na kalamu mkononi bila kuandika kitu. Kila simu ikilia mimi nilinyanyuka nayo.

Ijumaa asubuhi ililia kabla sijavua koti. Ilikuwa sauti ya Odile. "Bonjour, Zuwena," akasema. "Habari yako? Umelala? London kuna baridi?" Odile! Miezi minne hajaniuliza hujambo hata siku moja. Nikakaa sakafuni juu ya karatasi za faksi, nikaanza kulia kwa sauti mpaka Trevor akasimama. Alikuwa amenisalimia mno. "Kwa nini unalia?" Odile akapiga kelele. "Wako hai! Watatu! Walichimba pango kwenye theluji, wakakaa ndani siku mbili. Yule mfamasia vidole vyake vibaya. Lakini hai! Unanisikia?" Nilikuwa namsikia, na bado sikuweza kunyamaza. Trevor aliichukua simu mkononi mwangu, akasikiliza, kisha na yeye akakaa chini kando yangu, goti bovu limenyooka mbele yake.

Trevor alikwenda kumwona Jayesh aliporudishwa hospitali ya hapa London. Mimi nilisema nina kazi nyingi. Aliporudi alining'iniza koti lake mlangoni, akasema, "Nimemuuliza. Anasema aliisikia kanda yote, mpaka mwisho. Aliona watawahi kuvuka kabla ya mchana. Ni uamuzi wake." Akaandika hivyo kwenye barua kwa wanachama, na mambo yakaisha hapo kwa kila mtu isipokuwa mimi. Jayesh alikuja ofisini mara moja, mkono umefungwa bendeji, na mfuko wa chevda. Tukaulizana hali, tukajibizana nzuri, nzuri. Nikamwangalia usoni nione kama ni kweli, nikaona tabasamu lile lile. Sikuuliza. Nilimwogopa kwa sababu nilijua na yeye kakulia pwani ya adabu hizi hizi, hata kama Nakuru haina bahari. Mwezi wa Juni niliacha kazi.

Tangu hapo mimi habari mbaya naitoa kwanza, na imenigharimu. Nimefanya kazi ya ukalimani hospitalini miaka mingi, na daktari akisema neno la kuua silipambi kwa maua. Kwenye simu za ukoo wananiita jeuri. Bi Rukia alipofariki, niliwapigia Unguja, nikasema, "Shangazi amefariki asubuhi hii. Hamjambo?" Binti yangu, aliyezaliwa hapa, alinikodolea macho. "Mum, you can't just say it like that," akaniambia. Nikamwambia ndivyo inavyosemwa nyumbani kwangu.

Basi pale ukumbini Jayesh akageuka na kikombe chake, akaniona. "Zuwena! Dada! Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri tu. Watoto?"

"Wazima. Na duka?"

"Nimeuza, nimepumzika. Magoti tu. Na wewe huumwi?"

"Siumwi. Mkeo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Tulikuwa tunakaribia kumaliza watu wa kuulizana. Nikaweka kikombe kwenye ukingo wa dirisha. "Jayesh, ile asubuhi ya Jumatano. Kanda yangu uliisikia mpaka mwisho?"

"Yote," akasema upesi, anatabasamu. "Si nilimwambia Trevor?"

"Trevor hayupo. Niambie mbaya kwanza."

Tabasamu likashuka. Akatazama nje, kule magari yalikokuwa yanaondoka makaburini.

"Ulisema good morning," akasema. "Ukasema natumaini mmelala vyema. Ukasema kaskazini theluji ni nzuri. Nikawainulia wenzangu kidole gumba, twende. Simu ikakata."

"Ukamdanganya Trevor."

"Wewe ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Na mimi nilikuwa na sarafu nyingine mfukoni, dada. Nilijua hujamaliza." Akauinua ule mkono wa kulia kati yetu, akautazama utadhani ni wa mtu mwingine. "Baridi ilikuwa kali. Sikutaka kuvua glavu tena."

Nikaupokea mkono ule kwa mikono yangu miwili. Chai ilikuwa imeshaletwa, kwa hiyo nililia.